Japani, China au India: ipi isomwe kwanza na anayetafuta mafunzo ya sera?

Kila mwaka wa masomo unapoanza huletewa mapendekezo ya utafiti na vijana wanaotaka kuandika juu ya uchumi wa Asia, na mara nyingi kabla sijafungua ukurasa wa pili huwa nimekwisha kujua nchi iliyochaguliwa. Ni China. Nikiuliza kwa nini, najibiwa reli, bandari na maghorofa. Jibu hilo lina haki yake, kwa kuwa TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China katika miaka ya 1970, na reli ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa 2017 nayo ilijengwa kwa mkopo wa huko huko. Lakini halituambii ni tatizo gani la sera ambalo mwandishi amekusudia kulielewa. Mgonjwa hachagui zahanati kwa urefu wa jengo lake.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mtu anayelazimika kuchagua nchi moja ya kuisoma kwa kina, awe mwanafunzi wa uzamili, mwandishi wa habari za uchumi au ofisa wa mipango aliyeagizwa na wakubwa zake kuandaa taarifa fupi. Rai yangu naitanguliza ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa mtu wa nchi zetu, ambako nusu ya watu wa Tanzania hawajafikisha miaka 20, India ndiyo ya kuanza nayo. China isomwe na mwenye swali la ardhi na madeni ya serikali. Japani isomwe na anayetaka kuona mwisho wa safari ambayo wengine wote wamo njiani.

Uzee uliotangulia utajiri

Katika nchi zote tatu watu wanazeeka, ila si kwa kasi moja wala kwa mfuko mmoja. Wataalamu wa idadi ya watu hupima kwa kuhesabu miaka inayopita tangu wenye umri wa miaka 65 na zaidi wafike asilimia 7 ya watu wote hadi wafike asilimia 14. Ufaransa ilichukua zaidi ya karne moja. Japani ilichukua miaka 24 tu, kuanzia 1970 hadi 1994, na leo wazee hao wanakaribia asilimia 30. China ilivuka asilimia 7 mwanzoni mwa karne hii na asilimia 14 mwaka 2021. Kwa kasi, basi, China na Japani zinafanana; kinachozitenga ni kwamba mwaka 1994 Japani ilikuwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani, ilhali China ilifika hapo pato la kila mtu likiwa kama dola 12,500 za Marekani kwa mwaka. Wachina wenyewe wana msemo wa maneno manne kuhusu jambo hili, wei fu xian lao, maana yake hujatajirika umeshazeeka. India ndiyo kwanza imefika asilimia 7 hivi, na pato la kila mtu huko bado ni chini ya dola 3,000.

Takwimu hizi hueleweka zaidi ukimtazama mzee mwenyewe. Mzee wa Japani akianguka bafuni na kuvunjika nyonga, familia yake hupeleka ombi katika ofisi ya manispaa, na mkaguzi huja nyumbani na dodoso refu. Anaweza kujigeuza kitandani bila kusaidiwa? Anaweza kuvaa nguo zake mwenyewe? Anakumbuka alichokuwa akifanya muda mfupi uliopita? Majibu hupitiwa pamoja na maoni ya daktari, kisha mzee huwekwa katika daraja mojawapo kati ya saba, na daraja hilo ndilo linaloamua kiasi cha huduma atakachostahili, iwe ni kuogeshwa, kupelekwa kituo cha mchana au kulazwa katika nyumba ya wazee. Mzee wa kipato cha kawaida hulipa asilimia 10 ya gharama. Inayobaki hubebwa nusu kwa kodi na nusu kwa michango ya bima ambayo kila mkazi huanza kuilipa akifika miaka 40. Mfumo huu ulianza Aprili 2000, na ulibuniwa kwa sababu kazi ya kuuguza wazee ilikuwa imeachiwa wake wa nyumbani, hasa mke wa mtoto wa kiume, hadi wakachoka.

Tatizo la sasa la mfumo huo ni mikono. Wahudumu hulipwa chini ya wastani wa mishahara ya nchi, vijana hawaitaki kazi hiyo, na tangu Aprili 2019 serikali imefungua daraja jipya la viza kwa wafanyakazi wa nje wenye ujuzi maalumu, uuguzi wa wazee ukiwamo. Nchi ambayo kwa miaka mingi iliukwepa mjadala wa uhamiaji sasa ina wakazi wa kigeni zaidi ya milioni 3, na siasa zake bado zinatafuta lugha ya kulizungumza jambo hilo.

Mzee wa kijijini nchini China hana daraja wala mkaguzi wa namna hiyo. Kiwango cha chini cha pensheni ya msingi kilichowekwa na serikali kuu kwa wakulima na wasio na ajira rasmi kilikuwa yuan 123 kwa mwezi mwaka 2024, yaani kama dola 17, wakati mstaafu wa kiwandani au ofisini mjini hupata kwa wastani zaidi ya yuan 3,000. Wote wawili ni raia wa nchi moja, na huenda mmoja alimlisha mwenzake kwa miaka arobaini. Huko India serikali kuu humpa mzee fukara wa miaka 60 hadi 79 rupia 200 kwa mwezi, fedha isiyofika dola 3, na kiwango hicho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Majimbo huongeza kila moja kwa uwezo wake. Kwa hili, nakiri, msomaji wetu hana haja ya kwenda mbali. Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mkazi wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi bila kupima umaskini wake, na Kenya ikafuata 2018 kwa mpango wa shilingi 2,000 za Kenya kwa wazee wa umri huo. Anayetaka kuandika juu ya pensheni ya wazee wote angeanzia Unguja.

Kuhusu kuzaa, mambo yanafupika. China ilikomesha sera ya mtoto mmoja mwaka 2016, ikaruhusu watoto watatu 2021, na idadi ya watu wake ikaanza kupungua 2022. Japani mwaka 2024 ilisajili watoto wachache kuliko 700,000 kwa mara ya kwanza tangu takwimu hizo zianze kuwekwa. Korea Kusini, iliyomwaga fedha nyingi katika jambo hili, ilishuka hadi wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke mwaka 2023. Hakuna kati yao aliyepata dawa, kwa hiyo anayetafuta sera iliyofaulu kupandisha uzazi asipoteze nauli kwenda mashariki ya Asia.

Deni lenye wenyewe na deni lililofichwa

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Hoja huandikwa hivi: deni la umma la Japani limezidi asilimia 200 ya Pato la Taifa na nchi haijaanguka, kwa hiyo deni letu la asilimia 50 au 70 ni dogo. Hoja hii husahau kwamba serikali ya Japani hukopa kwa yen, hukopa zaidi kutoka kwa benki, bima na mifuko ya nchi yake yenyewe, na kwamba karibu nusu ya hatifungani zake zimo mikononi mwa benki kuu. Tena kwa miaka mingi ilikopa kwa riba iliyokaribia sifuri; benki kuu ilipeleka riba chini ya sifuri mwaka 2016 na kuirudisha juu Machi 2024. Nchi inayokopa kwa dola na kulipa kwa mauzo ya chai, dhahabu au utalii haina hata kimoja kati ya hivi. Na Japani yenyewe sasa imeanza kuonja ladha ya deni hilo, kwa kuwa kila riba inavyopanda, fungu la kulipia deni katika bajeti hunenepa na fungu la mambo mengine hubanwa.

Kilichopo cha kujifunza Japani ni jinsi kodi inavyopandishwa katika nchi ya wapiga kura wazee. Kodi ya matumizi ilianza na asilimia 3 mwaka 1989, ikawa 5 mwaka 1997, 8 mwaka 2014 na 10 mwaka 2019. Miaka thelathini kwa pointi saba! Kila hatua iliambatana na mtikisiko wa ununuzi, na kupanda kwa mwisho kuliahirishwa zaidi ya mara moja. Mwandishi mwenye subira angepata humo simulizi nzima ya namna serikali inavyomshawishi mlipa kodi kwamba fedha itakwenda kwenye matibabu na malezi.

China ni habari nyingine kabisa, na katika suala la ardhi ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi wa mafunzo. Mageuzi ya kodi ya mwaka 1994 yalihamishia serikali kuu sehemu kubwa ya mapato, huku shule, hospitali na barabara zikibaki mzigo wa majimbo na miji, na sheria ya bajeti ya wakati huo ikiwazuia kukopa moja kwa moja. Miji ikatafuta mlango wa nyuma. Ardhi ya mjini ni mali ya dola, kwa hiyo mji hutwaa mashamba ya pembezoni, huwalipa wakulima fidia, kisha huuza kwa kampuni za ujenzi haki ya kuitumia, ambayo kwa makazi ni miaka 70. Msomaji wa Tanzania anayejua hati ya miaka 33, 66 au 99 atauelewa utaratibu huu haraka kuliko Mzungu yeyote. Fedha za mauzo zikawa bajeti ya mji. Na pale zisipotosha, mji uliunda kampuni maalumu ya uwekezaji, ukaipa ardhi kama dhamana, nayo ikakopa kwa jina lake. Ndiyo maana serikali ya China mwaka 2024 ilitaja deni lililofichwa la yuan trilioni 14.3, ilhali Shirika la Fedha la Kimataifa likikadiria madeni ya kampuni hizo kuwa yuan trilioni 60 hivi. Pengo la makadirio hayo mawili linatosha kuwa utafiti kamili.

Mfumo huo ulikwenda vizuri madhali bei ya nyumba ilikuwa ikipanda. Kampuni ziliuza nyumba kabla ya kuzijenga, zikachukua fedha za mnunuzi wa leo kununulia kiwanja cha kesho. Agosti 2020 serikali iliweka vipimo vitatu vya madeni kwa kampuni hizo, vilivyopewa jina la mistari mitatu myekundu, na zilizokuwa zikiishi kwa mkopo mpya zikakosa pumzi. Evergrande, yenye madeni yaliyozidi dola bilioni 300, ilishindwa kulipa wakopeshaji wa nje mwishoni mwa 2021, na mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe Januari 2024. Lakini picha ninayoikumbuka zaidi ni ya mji wa Jingdezhen, ule maarufu kwa vyombo vya kaure. Juni 2022 wanunuzi wa nyumba ambazo hazijakamilika waliandika barua ya pamoja kwamba ujenzi usipoanza tena wataacha kulipa mkopo benki, kwa sababu walikuwa wakilipa kodi ya chumba wanachoishi na rejesho la nyumba isiyo na madirisha kwa wakati mmoja. Ndani ya wiki chache barua za namna hiyo zilitoka katika mamia ya miradi nchini kote.

Je, China inarudia yaliyoipata Japani? Wapo wanaosema hivyo, na mfanano upo. Soko la hisa la Tokyo lilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989 na halikukiona tena kilele hicho hadi Februari 2024. Benki za Japani ziliendelea kuzikopesha kampuni zilizokufa ili mikopo chechefu isionekane vitabuni, na ni baada ya taasisi kubwa kama Yamaichi, kampuni ya udalali wa hisa, kuanguka mwaka 1997 ndipo serikali ilipotia mtaji kwa nguvu. Hata hivyo Japani ilifika kwenye matatizo hayo kaya zake zikiwa na bima ya afya, pensheni na akiba. Kaya ya China imefungia sehemu kubwa ya mali yake ndani ya nyumba hiyo hiyo inayoshuka bei, na kwa kukosa hifadhi ya kutosha huweka akiba badala ya kutumia. Matumizi ya kaya ni takriban asilimia 40 tu ya Pato la Taifa, wakati India ni kama asilimia 60. Kwa hiyo kila serikali inapowahimiza watu wanunue, wananchi huhesabu kwanza gharama ya hospitali. Wachumi wengi, wakiwamo wa huko huko, wamesema kwa miaka kwamba pensheni ya mkulima ikiongezwa, maduka yatauza. Mpaka sasa nyongeza zinatoka kidogo kidogo.

Mfanyakazi aliyehama kwao

Sasa tufike kwenye ajira, ambako China na India zafaa kuwekwa bega kwa bega, na ambako Japani haina mengi ya kumwambia mtu wa nchi changa.

China ina wafanyakazi wapatao milioni 300 waliotoka vijijini kwenda kufanya kazi viwandani, kwenye ujenzi na, siku hizi, kwenye pikipiki za kupeleka chakula. Wengi wao bado wana hukou ya kijijini, yaani usajili wa makazi uliowekwa kisheria mwaka 1958. Usajili huo ndio unaoamua mtoto atasoma shule gani, matibabu yatalipiwa wapi, na mtihani wa kuingia chuo kikuu utafanyiwa jimbo gani. Mama anayeshona nguo Guangdong anaweza kuishi huko miaka kumi na mitano, na bado binti yake akifika sekondari ya juu ikabidi arudishwe kwa bibi yake Sichuan ili afanye mtihani. Serikali imelegeza masharti katika miji yenye watu chini ya milioni 3, lakini Beijing na Shanghai, ambako watu wanataka kwenda, bado huchuja kwa pointi. Viwanda vilipata wafanyakazi wa bei nafuu kwa sababu gharama ya kuwalea watoto wao na kuwazika wazee wao ilibebwa na kijiji.

India haina hukou, na katiba yake humruhusu raia kuishi popote. Kwa karatasi, mhamiaji wa India yu huru zaidi. Lakini usiku wa tarehe 24 Machi 2020, waziri mkuu alipotangaza saa mbili usiku kwamba nchi nzima ingefungwa ifikapo usiku wa manane, ikaonekana uhuru huo ulikuwa na nini ndani yake. Wafanyakazi wa Delhi na Mumbai waliokuwa wakilipwa kwa siku hawakuwa na mshahara, na kadi zao za chakula cha ruzuku zilisomeka katika duka moja tu, la kijijini kwao. Wengi walianza kutembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi makwao, watoto mabegani na mabegi vichwani. Aibu hiyo ndiyo iliyoharakisha mpango wa kadi moja kwa nchi nzima, uliokamilika katika majimbo yote mwaka 2022, na leo mtu wa jimbo la Bihar anaweza kuchukua mgao wake Surat, mji wa jimbo jingine.

Katika duka hilo la mgao ndipo utakapoiona sera ya kijamii ya India kwa karibu. Takriban watu milioni 800 wanastahili kilo 5 za nafaka kwa mwezi bila malipo. Mwenye duka ana mzani na kijimashine cha kusoma alama za vidole, kilichounganishwa na Aadhaar, namba ya utambulisho ambayo watu zaidi ya bilioni 1.3 wamepewa. Ukiweka kidole, mashine ikikutambua, unapimiwa. Isipokutambua, unajaribu kidole kingine, unapangusa mkono kwenye nguo, unajaribu tena. Wanaokataliwa mara nyingi ni wazee waliolima na kufua maisha yao yote hadi mistari ya vidole ikafutika, na pia walio mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Mfumo uleule uliowaondoa wapokeaji hewa umewahi kuwarudisha nyumbani mikono mitupu watu wenye haki. Kwa nchi zinazotoa namba za taifa sasa hivi, sioni mfano wa kusoma ulio bora kuliko huu, kwa faida yake na kwa hasara yake.

Vivyo hivyo malipo ya simu. Sisi tulianza mapema, M-Pesa ikiwa imezinduliwa Kenya mwaka 2007, lakini kwa mfumo wa kampuni, na kuunganisha mtandao mmoja na mwingine kulichukua miaka ya mazungumzo. India ilianza 2016 na UPI, njia ya pamoja iliyowekwa chini ya usimamizi wa benki kuu, ambayo programu yoyote na benki yoyote hupita humo, na muuza chai hupokea rupia 10 bila kukatwa ada. Tangu Agosti 2023 miamala imekuwa ikipita bilioni 10 kila mwezi. Mwenye swali la tozo za miamala ya simu ana kazi tele hapo.

Kwa upande wa ajira zenyewe, India haina la kujivunia, na ndiyo sababu naipendekeza. Karibu asilimia 46 ya wafanyakazi wako kwenye kilimo, sehemu ambayo iliongezeka baada ya janga la Uviko badala ya kupungua, ilhali kilimo huchangia chini ya tano moja ya uchumi. Kampeni ya Make in India ya mwaka 2014 ililenga viwanda vifike asilimia 25 ya Pato la Taifa. Bado haviifikii asilimia 18. Sababu zinabishaniwa. Wengine hulaumu sheria iliyomtaka mwenye kiwanda cha wafanyakazi 100 na zaidi aombe kibali cha serikali kabla ya kumwachisha mtu, hivyo wenye viwanda wakabaki wadogo kwa makusudi. Wengine hutaja ardhi, umeme na elimu ya msingi, na kuonyesha kwamba Bangladesh ilichukua ushonaji wa nguo bila kuwa na serikali bora kuliko ya Delhi. Programu za kompyuta, zilizoipa India sifa, zimeajiri kama watu milioni 5 katika nguvukazi inayozidi milioni 500. Taarifa ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba miongoni mwa vijana, wenye shahada wasio na kazi walikuwa asilimia 29, wakati wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 3 na kitu, kwa kuwa fukara hawezi kumudu kukaa bila kazi. Nani hapa kwetu ataisoma hesabu hiyo asimkumbuke mtu wa nyumbani kwake?

China nayo ilikuwa na vijana wa mijini wasio na kazi asilimia 21.3 Juni 2023, lakini ugonjwa ni tofauti. Huko viwanda vipo na vinatafuta watu. Wahitimu ndio wasiotaka kurudi kwenye mashine walizokimbia wazazi wao, na sekta zilizowaajiri, yaani nyumba, masomo ya ziada na kampuni za mtandao, zilibanwa na serikali karibu kwa wakati mmoja kati ya 2020 na 2021.

Jambo la mwisho katika fungu hili ni siasa. Beijing iliweza kuzibana sekta tatu karibu kwa wakati mmoja. Delhi ilipitisha sheria tatu za soko la mazao mwaka 2020, wakulima wa Punjab na Haryana wakapiga kambi na matrekta mipakani mwa mji kwa zaidi ya mwaka, na Novemba 2021 serikali ikazifuta. Mtafiti anayetoka nchi yenye uchaguzi, wabunge wa vijijini na vyama vya wakulima anapaswa kujiuliza ni ipi kati ya njia hizi mbili ingewezekana kwao.

Wawili wa pembeni

Kabla ya kufunga uchaguzi, mwenye swali la madini asiisahau Indonesia. Ilikataza kusafirisha nikeli ghafi mwaka 2014, ikalegeza 2017, ikakataza tena Januari 2020, na viwanda vya kuyeyushia, vingi vya mtaji wa China, vikajaa kisiwa cha Sulawesi pamoja na moshi wa mitambo ya makaa ya mawe inayoviendesha. Umoja wa Ulaya uliishtaki katika Shirika la Biashara Duniani na ukashinda mwaka 2022. Indonesia ikakata rufaa na kuendelea. Anayelikumbuka sakata la makinikia, ule mchanga wa madini ambao Tanzania iliuzuia kusafirishwa nje mwaka 2017, ataona kwa nini nikeli ya Indonesia inafaa kusomwa kando yake. Korea Kusini yamfaa zaidi anayechunguza nchi tajiri inayowaacha wazee wake: karibu wanne kati ya kumi ni maskini kwa kipimo cha OECD, jumuiya ya nchi nyingi tajiri, kwa sababu pensheni ya taifa ilianza 1988, ikawakuta wengi wamechelewa kuchangia.

Takwimu utakazozipata

Uchaguzi mzuri huharibiwa na data mbovu, hivyo liangaliwe hili kabla ya kusajili kichwa cha utafiti. China ilipoona namba ile ya 21.3 ilisimamisha kuitangaza Agosti 2023, ikarudi Januari 2024 na kipimo kipya kisichowahesabu wanafunzi. Japani, pamoja na sifa yake ya usahihi, mwaka 2019 ilibidi ikiri kwamba utafiti wake wa mishahara ya kila mwezi ulikuwa na kasoro kwa miaka mingi. India hutoa nyaraka nyingi kwa Kiingereza, jambo linalowarahisishia kazi wanafunzi wetu, na wachumi wake hubishana hadharani magazetini, hivyo ukikosea yupo wa kukusahihisha. Lakini ukiambiwa kwamba ushiriki wa wanawake katika nguvukazi ya India ulipanda kutoka asilimia 23 mwaka 2017/18 hadi 42 mwaka 2023/24, usishangilie kabla ya kufungua majedwali ya ndani: sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni wanawake wanaojiajiri au wanaosaidia shamba la familia bila ujira. Na sensa iliyokuwa ifanyike 2021 iliahirishwa, serikali ikaitangaza upya kwa mwaka 2027. Mpaka matokeo yake yatakapotoka, atakayeichagua India atafanya hesabu zake za wilaya na vijiji kwa idadi ya watu ya mwaka 2011, na ni vyema amweleze hivyo msimamizi wake tangu siku ya kwanza.